Doa Lisilosogea

Juni 4

Ardhi imetikisika leo asubuhi tukiwa kwenye chai. Sahani mbili chini, taa ya sebuleni ikayumba, dada akakimbilia nje na pini zake za ushonaji zikiwa bado mdomoni. Mama hakuinuka. Alikishika kikombe kwa mikono miwili, akasubiri ardhi imalize shughuli zake, kisha akanywa. "Limepita," akasema, kana kwamba ni gari la takataka.

Shemeji aliingia mbio kutoka uani, kadi nyeupe mkononi. "Si nilisema? Jana mezani nilisema au sikusema?"

Alisema, simnyimi haki yake. Mume wa dada yangu alifundisha fizikia mpaka akastaafu, na watoto wa mtaa wanamwita Mwalimu Jua, kwa sababu kila asubuhi hutega darubini yake kuukuu pale uani. Hachungulii ndani yake, hajafikia wazimu huo. Huacha mwanga upite uangukie kwenye kadi nyeupe, halafu huchora kwa penseli madoa meusi yanayoonekana juu ya duara la jua. Kadi ya jana ilikuwa na doa kubwa, na akatutangazia kwamba jua likichafuka namna hiyo ardhi hujibu. Nikacheka. Mimi kazi yangu ni mitetemo. Naisoma kwa mashine kwenye kituo kidogo kule kilimani, nyuma ya shule, na najua kwamba ardhi hii hutikisika mara kwa mara bila mtu kuhisi. Anayetabiri kila wiki lazima siku moja apatie.

Basi tukabishana mpaka chai ikapoa. Anataka mama ahame chumba chake cha nyuma, ambacho ndicho kikongwe kuliko vyote nyumbani hapa, alale kwenye banda la mabati uani mpaka jua litulie. Mama akamsikiliza vizuri, akapangusa mdomo. "Mimi nitatoka chumbani mwangu siku huyu wa mashine atakaponiambia nitoke," akasema, akininyooshea kidole. "Si wewe na karatasi zako."

Ndiyo maana naandika. Tumewekeana sharti: yeye achore jua lake, mimi niandike mitetemo yangu, na siku mvua ya kwanza itakaponyesha tuyaweke yote mezani tulinganishe. Hadi hapo hakuna kuonyeshana. Sharti hilo nililitunga mimi. "Ukijua ninachokiona," nilimwambia, "na wewe utakiona hata kisipokuwepo."

Juni 5

Hakuna kitu. Nimeokota vigae vya sahani chini ya kochi.

Juni 11

Mlango wa kabati la mama umeanza kufunguka wenyewe. Unaufunga, unageuka, unasikia *kwiii*, uko wazi. Mama anasema ni marehemu baba anatafuta soksi zake. Dada, ambaye hapendi kitu kikae ovyo, amekunja kipande cha boksi akakibana chini yake. Umetulia.

Juni 23

Kuna kitu kwenye mashine, na sikipendi.

Kimeanza siku chache zilizopita. Karibu na saa sita mchana mstari unashtuka, unatulia, unashtuka tena. Vishtuko vifupi, vikavu, mithili ya mtu anayegonga meza kwa kucha akikusubiri umalize kusema. Tetemeko haliji hivyo. Tetemeko lina mwanzo, lina wimbi lake la kwanza na la pili, lina mkia. Hivi vinagonga tu, kwa saa moja na ushee, halafu kimya mpaka kesho yake.

Nilimuuliza mlinzi kama kuna malori yanapita nyuma. Hakuna. Machimbo ya mawe yalifungwa zamani. Shule imefunga.

Juni 27

Leo mawingu tangu asubuhi. Mashine haikugonga hata mara moja.

Juni 28

Jua kali. Imegonga.

Julai 2

Nimepitia upya yaliyoandikwa juu ya jambo hili, mlango wa ofisi nikiwa nimeurudishia kama mwizi. Watu wamelitafuta kwa muda mrefu. Wako wanaosema waliona uhusiano mdogo kati ya machafuko ya jua na matetemeko, na wako waliohesabu upya wasione chochote. Hakuna anayeweza kukueleza kwa uhakika jua lingeishikaje miamba iliyo chini huko. Hata hao wanaoliamini hawasemi litagonga mlango kila mchana saa ya chakula.

Lakini linagonga.

Julai 6

Nimevunja sharti.

Sijui nini kilinituma. Nilimkuta shemeji ameketi uani anakata kadi zake kwa mkasi, ametulia, nikajikuta namwonyesha picha za mistari kwenye simu. Nilitaka acheke, aniambie ni upuuzi, nikapumue. Hakucheka. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Saa sita mchana?"

"Kila siku yenye jua."

"Na ya mawingu?"

"Hakuna."

Nilitegemea aruke juu, aite mtaa mzima. Aliendelea tu kuutazama mkasi. Ni hapo nilipoogopa kweli.

Julai 8

Shemeji sasa anataka kuliona jua saa ileile linapogonga. Tatizo, darubini yake haifiki. Jua la saa sita liko utosini, na akiiinua kiasi hicho mkia wake unagonga miguu ya stendi. Kwa hiyo amekwenda kwa fundi wa kuchomelea pale jirani, akapewa kioo cheusi kilichotoka kwenye barakoa yake ya zamani. Kina ufa kidogo pembeni. Saa sita anasimama katikati ya ua, kioo machoni, kichwa nyuma, kama anayesubiri kitu kidondoke.

Nilimwambia asikae sana. "Nimefundisha hayo kabla wewe hujaota meno, shemeji," akanijibu.

Julai 15

Mama ana furaha. Kila mahali majani yamekauka, ila nyuma ya dirisha lake yameota mapya, mabichi, laini kama ya masika. Ameniita niyaone. "Hata kiangazi kinaniheshimu," akasema.

Julai 19

Mashine imegonga. Dada ameshona mapazia. Joto.

Julai 24

Shemeji amepata doa jipya.

Aliniambia kwa sauti ya chini, jikoni, dada akiwa anafua nje. Liko katikati kabisa ya jua, la mviringo, kubwa kuliko yote aliyowahi kuchora. Nikamwambia vizuri, litasogea. Madoa yote husogea, kwa kuwa jua linajizungusha: yanatokea ukingo mmoja, yanavuka kwa kama wiki mbili, yanapotelea ukingo wa pili, na yakiwa na umri mrefu yanarudi tena kutokea nyuma. Hilo yeye ndiye aliyenifundisha.

"Hili halisogei," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu nilipoliona. Wiki nzima. Kila nikitazama liko palepale, katikati, linanitazama."

Nikasema labda amekosea. Alinimiminia chai, na chai ikamwagika kando ya kikombe, juu ya meza, naye akaendelea kumimina mpaka nikamshika mkono.

Julai 30

Mama ameniita chumbani, akanikalisha kitandani. "Mwanangu, mkwe wangu anamsalimia nani?"

"Vipi, mama?"

"Asubuhi amenipa shikamoo. Mimi nimekaa hapa, yeye anatazama pale." Alionyesha hewani, karibu na sikio lake. "Jana hivyohivyo. Kuna mtu nyuma yangu?"

Nikacheka nikamwambia hakuna. Lakini jioni nilimwangalia shemeji akizungumza na dada, na ni kweli. Haangalii uso. Anaangalia kando kidogo, juu ya bega, kwa makini, kama mtu anayemwona mwingine amesimama hapo na hataki kumtaja. Alipozungumza nami niligeuka kutazama nyuma yangu. Mtu mzima mimi, nimegeuka. Kulikuwa na friji tu.

Agosti 3

Imegonga.

Agosti 4

Imegonga.

Agosti 5

Boksi la kabati halitoshi tena. Mlango unajifungua. Dada ameongeza la pili.

Agosti 12

Nimekwenda chumbani kwa mama nikiwa nimeamua kumwambia ahame. Nilikuwa na maneno tayari. Alikuwa anamsaidia dada kutenganisha nyuzi, vibiringo vya rangi zote vimejaa mapajani. Kimoja kikamponyoka, chekundu. Kikaanguka sakafuni, kikabiringika taratibu bila kusukumwa na mtu, kikapita chini ya kitanda, kikaenda kugonga ukuta wa nyuma. Tk. Tukakitazama wote watatu.

"Niambie tu," mama akasema. "Ukisema nitoke, natoka. Siulizi sababu."

Nikimtoa mama yangu kwa sababu ya doa ambalo halisogei na kishtuko ambacho sikielewi, basi mimi si mtu wa mashine tena. Nisipomtoa, na jambo likatokea, nitaishi vipi? Nikaokota kibiringo, nikampa, nikasema, "Nipe siku mbili."

Nimechukia kila kitu leo. Jua, shemeji, kazi yangu, hata yale majani.

Agosti 14

Naandika jikoni, mlango nimeufunga. Nieleze kwa mpangilio.

Asubuhi nilikwenda kituoni na neno moja kichwani: leo ikigonga, narudi kumtoa mama. Ilipokaribia saa sita sikukaa mbele ya kompyuta kama kawaida. Nilishuka mwenyewe hadi kwenye shimo la mashine. Mashine yetu iko mwisho wa kiwanja, imeketi chini juu ya zege, juu yake mfuniko wa chuma, na juu ya mfuniko panatakiwa kuwe na rundo kubwa la udongo ili joto la jua lisifike. Sikuwa nimefika huko tangu kabla ya kiangazi. Kila kitu nakisoma ofisini, nifuate nini shimoni?

Hapakuwa na udongo. Mfuniko ulikuwa wazi, umepakwa rangi nyeusi inayong'aa, na pembeni umezungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa, nadhifu kama bustani ya shule. Nilisimama hapo juani. Kisha nikaisikia kwa masikio yangu mwenyewe. *Ta.* Kimya. *Ta. Ta.* Chuma kilikuwa kinatanuka kwa joto.

Nikamwita mlinzi. "Nani ametoa udongo hapa?"

"Mimi, mkubwa." Alisimama wima, anangoja kusifiwa. "Si tuliambiwa wakaguzi wanakuja? Nikaona rundo limekaa tu hapa kama kaburi, haipendezi kwa wageni. Nikalisambaza, nikapiga rangi kidogo."

"Lini?"

"Baada ya lile tetemeko. Katikati ya mwezi wa sita hivi. Wageni wenyewe hawakuja, sijui wana nini."

Ningemgombeza kwa lipi? Hakuna aliyewahi kumwambia kilichoko chini. Nikakaa juu ya mawe yake meupe nikacheka mpaka machozi yakanitoka, na yeye akacheka kwa adabu ili nisicheke peke yangu. Halafu kicheko kikanikatika. Nilikumbuka kwamba dakika hiyohiyo shemeji alikuwa amesimama uani, kichwa nyuma.

Nilishuka kilima mbio. Sijakimbia hivyo tangu nikiwa msichana. Nilimkuta palepale. Kioo hakikuwepo. Alikuwa analitazama jua kwa macho matupu.

"Shusha kichwa! Shemeji, shusha kichwa!"

Akashusha. Nikamweleza yote, mfuniko, rangi, chuma, nikihema. Alisikiliza huku anaangalia sikio langu.

"Kwa hiyo jua lilikuwa linatikisa mfuniko," akasema.

"Ndiyo."

"Si ardhi."

"Si ardhi. Nisamehe. Sikupaswa kukuonyesha."

Alitabasamu kidogo, tabasamu lake la darasani mwanafunzi anapokosea vizuri. "Sawa. Hilo limekwisha. Lakini doa je? Doa nimeliona mwenyewe, si mashine."

Nikamwomba kadi zake za asubuhi, zile za darubini. Nilizitandaza kwenye kiti. Madoa yote madogo yalikuwepo, na yote yalisogea siku hadi siku kama yanavyopaswa. La katikati halikuwepo hata kwenye kadi moja. Nadhani nilishalijua kabla ya kuzitandaza. Nilimshika mkono nikamwingiza ndani, kwenye korido, pale penye ukuta mweupe mtupu.

"Tazama ukuta."

Akatazama. Nikaisikia cherehani ya dada chumba cha pili ikienda, ikisimama, ikienda.

"Liko," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Limefikaje humu ndani?"

"Nitazame mimi."

Akanigeukia. Macho yake, mazuri siku zote, ya kahawia, yalisimama juu ya uso wangu. Nikaona yakitafuta.

"Huna uso, shemeji," akasema.

Agosti 16

Daktari wa macho amesema jua limechoma nyuma ya macho yote mawili, pale katikati tunaposomea na kutambulia watu. Kwa pembeni bado anaona. Huenda nuru ya katikati ikarudi kidogo, huenda isirudi. Hakuna dawa ya maana, ila kungoja.

Kwenye korido ya hospitali shemeji alisema, bila kuulizwa na mtu, "Nilishashuku kuwa ni macho yangu. Kama wiki mbili hivi. Ningekuwa na mwanafunzi wa namna hii ningemchapa. Nikajiambia, acha kwanza nione litafanya nini."

Dada hajasema neno njia nzima.

Agosti 17

Amelisema leo, akiwa na mkasi mkononi, mgongo amenipa. "Ulimwonyesha ya nini?"

Nikasimama pale kama mtoto aliyevunja kitu, na yeye akaendelea kukata kitambaa.

Agosti 20

Udongo umerudishwa juu ya shimo, rundo kubwa kuliko la zamani. Nilimweleza mlinzi kilichoko chini yake, akashika kichwa. Sasa anakwenda kuliangalia kila asubuhi, na ameniuliza kama linahitaji kumwagiwa maji.

Saa sita mchana mashine kimya.

Agosti 29

Kimya. Mama ameuliza kama atoke au akae. Nimemwambia akae kwa amani, jua halina neno naye. "Nilijua," akasema, lakini niliona mabega yake yakishuka, na nikatambua kwamba miezi hii yote aliogopa.

Septemba 9

Shemeji anajifunza upya nyumba. Amevua viatu, anatembea pekupeku, mkono mmoja ukutani. Akitaka kumwona mtu anageuza uso pembeni. Wageni wanadhani anawadharau.

Na mlango wa kabati unaendelea kufunguka. Hili sasa nimlaumu nani?

Septemba 26

Joto limezidi. Mawingu yanajikusanya mchana yanaondoka jioni.

Oktoba 3

Leo shemeji alimpelekea mama chai, hatua moja baada ya nyingine, kikombe mbele. Alitoka chumbani humo akasimama mlangoni, akarudi ndani, akatoka tena. Nikadhani amesahau kitu.

"Shemeji, njoo," akaita. "Vua viatu."

"Kuna nini tena?" Nilikuwa mkali. Nimechoshwa na ishara.

"Wewe vua."

Nikavua. Akaniambia nifumbe macho nitembee kutoka mlangoni hadi dirishani. Nilitembea nikijihisi mjinga, mama ananicheka kitandani. Nilipofika katikati nikasimama. Miguu yangu ilikuwa inashuka. Kidogo sana, usingeona kwa macho, lakini miguu ilijua.

Nikachukua kibiringo cha uzi nikakiweka sakafuni mlangoni. Kikakaa kidogo, kikawaza, kikaanza safari. Kikapita chini ya kitanda, kikagonga ukuta wa nyuma palepale. Tk.

Nilitoka nje nikazunguka nyuma. Yale majani mabichi sasa yalikuwa yamefika magotini. Nikachomeka ufagio katikati yake na mti wake ukazama kama kwenye uji. Maji. Kiangazi chote, kila kitu kimekauka, na chini ya chumba cha mama kulikuwa na maji.

Fundi bomba alikuja alasiri, akachimba kidogo tu. Bomba la bafuni liliachia kwenye kiungo chini ya ardhi. Hajui lini, ila mimi najua. Lile tetemeko la Juni, la sahani mbili. Tangu siku hiyo maji yamekuwa yakila udongo chini ya msingi, kona nzima inazama taratibu, na sisi tumeinua vichwa tunatafuta doa. Dada amekaa kwenye ngazi, vipande vyake viwili vya boksi mkononi, anavigeuzageuza.

Nikaenda kwa mama. "Mama, toka."

"Jua limesema?"

"Sakafu imesema. Toka leo, sasa hivi."

Akavaa kandambili akatoka, kama alivyoahidi, bila kuuliza. Tumempa chumba cha cherehani. Mwashi atakuja Jumatatu kuegemeza ukuta kwa nguzo.

Oktoba 4

Kitanda cha mama tumekihamisha. Kabati ni zito, limebaki.

Oktoba 6

Jana sikuandika, mikono haikutaka. Leo nimeanzia kazini. Kwenye mistari ya jana alasiri kuna kishtuko kimoja, kidogo, kinene mwanzoni, kimeisha mara moja. Mtu mwingine angekipita. Mimi nimekijua kilipotoka, nimekaa nakiangalia mpaka chai ikaingia ubaridi.

Mvua ya kwanza ilinyesha jana baada ya chakula, mvua nzito, anga jeusi kote. Shemeji akasikia inavyopiga mabati ya banda, akaniambia, "Mezani."

"Bado unataka?"

"Tuliahidiana."

Basi dada akapangusa meza. Kadi za shemeji upande mmoja, mistari yangu upande mwingine, tarehe kwa tarehe. Hasomi tena, kwa hiyo nilimsomea mimi. Siku za madoa makubwa, ardhi mara nyingine ilitikisika, mara nyingine ilikaa kimya. Siku jua lilipokuwa safi, vilevile. Tarehe nne Juni ilisimama peke yake kama mgeni aliyekosea nyumba. Alisikiliza hadi mwisho, uso ameuelekeza dirishani, na mwisho akasema, "Basi hakuna kitu."

"Hatujaona kitu."

"Vizuri. Umesema vizuri." Akazikusanya kadi zake kwa kupapasa, akazigonga mezani zikae sawa. Nilimwonea huruma.

Mama alikuwa ameketi nasi. Akajikunyata. "Nasikia baridi. Nakwenda kuchukua shali."

Hakuna aliyefikiri. Wala yeye. Shali lake hukaa miaka yote mahali pamoja, kwenye kabati. Aliinuka, tukasikia kandambili zake koridoni, na mimi nilikuwa nikikunja karatasi.

Kisha nyumba ikakoroma. Sina neno jingine. Mkoromo mrefu kutoka chini, vyombo vikagongana, halafu kishindo kimoja kilichonipanda miguuni hadi menoni. Vumbi likaingia sebuleni likiwa na harufu ya udongo uliolowa. Dada alipiga yowe akimwita mama, mimi sikuweza hata hilo. Tulikimbilia koridoni, shemeji mbele yetu, mikono ameinyoosha. Mwisho wa korido hapakuwa na chumba. Kulikuwa na mvua. Ukuta wa nyuma ulikuwa umelala sakafuni, kabati chini yake, mlango wake umefunguka.

"Mama yuko wapi?" shemeji alikuwa anapiga kelele. "Mama yuko wapi? Simwoni! Jamani, simwoni!"

Nami sikumwona, kwa vumbi. Kisha likatulia kidogo, nikamwona. Alikuwa amesimama kwenye korido, hatua moja mbele ya shemeji, shali mabegani, nywele nyeupe kwa vumbi. Alikuwa ametoka mlangoni tu. Alikuwa karibu naye kiasi cha kuguswa, na shemeji alikuwa amemkodolea macho usoni na anaendelea kumwita.

"Niko mbele yako," mama akasema.

"Simwoni!" Machozi yalikuwa yanamtiririka. Sijui kama alimsikia.

Mama akainua mikono yake miwili, akamshika kidevu kama anavyoshika kikombe. "Geuza uso, mwanangu," akamwambia, akamgeuza polepole kuelekea jikoni, mbali naye.

Na alipokuwa haangalii kwake tena, ndipo alipomwona.